Mafuta Yanayoganda Shingoni

Limuru, Jumapili

Dada Mwanamisi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Bado unakwenda kisimani mwenyewe au umekubali kutekewa? Na yule mbuzi wa pembe moja ameshazaa? Mimi mzima, alhamdulillahi. Kikohozi kidogo, cha baridi. Huku mwezi huu jua linatoka saa sita, likitoka.

Nimekuandikia kwa sababu kwenye simu siwezi. Tunakaa chumba kimoja watu wanne, nikianza kusema wote wananyamaza wanasikiliza. Barua anakuletea Mwinyi, dereva wa Kombani anayetuletea mapipa ya mafuta ya nazi. Mpe maji ya kunywa. Mwandiko wangu unaujua, shule niliiacha darasa la nne. Soma polepole.

Uliniuliza habari ya hitima ya mwaka ya Mwanasha, kama maalimu aisome Ijumaa ya mwisho wa mwezi hata nisipokuwepo. Sikukujibu. Si kiburi, dada. Mke ni wangu, lakini jibu sikuwa nalo. Sasa ninalo. Kwanza nikueleze kilichopita.

Kazi yangu unaijua, ni kubeba. Nashusha mapipa, namimina mafuta kwenye tangi, napanga chupa. Ni chupa za mafuta ya nywele. Kujaza inajaza mashine. Mashine hiyo haikununuliwa, aliiunda fundi mmoja wa hapa, jina lake Kimani. Motor alizitoa kwenye mashine mbovu za fotokopi, miguu yake ni chuma cha kitanda, na inaendeshwa na kompyuta. Motor ya kwanza inasukuma chupa. Ya pili inasukuma bomba kama la sindano ya daktari, ila kubwa, ndilo linalotoa mafuta. Mdomoni kuna vali ya umeme, kimlango kidogo cha chuma. Kompyuta ikisema fungua, vali inalia tak, mafuta yanashuka. Ikisema funga, tak, yanakatika. Siku ya kwanza nilisimama nikaitazama mpaka Mama Njeri, mwenye karakana, akaniuliza kama nimekuja sinema.

Sasa baridi ilipoingia ikaanza kukataa. Kila asubuhi. Motor ya bomba inanguruma, inatetemeka, haiendi. Chupa moja inapata nusu, nyingine tone, nyingine inapita tupu. Halafu vali ikitakiwa kufunga haifungi vizuri, mafuta yanachuruzika mezani. Kimani akiitwa anafika saa nane mchana, na saa nane mashine inafanya kazi kama haikutenda kitu. Anatazama kompyuta yake anasema, "Hapa inaonyesha motor imezunguka yote." Kumbe kompyuta inahesabu ilichoamuru. Kama motor imetii au haikutii, haijui. Hilo alinieleza mwenyewe baadaye.

Akabadilisha motor. Akabadilisha nyaya. Akasema umeme wa asubuhi ni mdogo, akaleta betri. Akaandika upya maneno ya kompyuta. Asubuhi yake, yaleyale. Mama Njeri akasema hakuna anayekwenda likizo mpaka mashine ikae sawa, maana ikikataa tunajaza kwa mkono, na mikono inatakiwa yote. Likizo yangu ilikuwa imeshaandikwa ukutani. Akaifuta mbele yangu.

Dada, mimi Mwanasha sikumzika. Mlinipigia alfajiri, nikapanda gari saa hiyohiyo, nikafika Munje mmeshaosha majembe. Sikulaumu mtu. Maiti hawekwi. Lakini siku ile nilisema, hitima ya mwaka nitakaa mkekani mwenyewe. Sasa nikawa naona na hiyo inanipita, kwa sababu ya chupa za nywele.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nafuta meza. Mashine imekataa, watu wanajaza kwa birika. Tangi lina hita ndani, kwa hiyo mafuta yake yalikuwa yameyeyuka, maangavu kama maji. Kila mtu alikuwa akichungulia tangini akisema mafuta hayana neno. Mimi niliinama kufuta chini ya vali, nikaona mdomoni kuna duara jeupe. Limeganda kama mshumaa.

Nikasimama na kitambaa mkononi.

Unakumbuka asubuhi za kusi, nyumba bado baridi, chupa ya Mwanasha ile ya kijani iko juu ya ukuta wa jikoni inangoja jua? Mimi nina haraka ya shamba, nyayo zimepasuka, nataka mafuta. Naichukua naitikisa. Na yeye yuko pale kwenye moto anapuliza, hata hainui uso.

"Baba Saumu, unaitikisia nini? Unaiamsha?"

"Mafuta yako hayatoki."

"Chini yameyeyuka. Shingo ndiyo imefunga. Pasha shingo."

Ananinyang'anya. Anaishika shingo kwenye kiganja, kiganja chenyewe kina moto wa jiko, huku anaendelea kunisema habari nyingine kabisa, ya kuku au yako. Halafu anachokoa kwa chelewa ya ufagio, ananimiminia mkononi. Miaka yote ile nilikuwa naitikisa. Nilijua. Nilikuwa nataka aninyang'anye.

Basi. Nikalijua tatizo la mashine. Lakini nilifanya ujinga, sikumwuliza mtu. Nilichukua birika la chai nikaimwagia vali maji ya moto. Maji yakaingia kwenye nyaya. Ikapiga cheche, taa zikazimika karakana nzima.

Mama Njeri akaja na koti lake. "Mzee wa Mombasa, umeamua kutumaliza?"

Nikaanza kueleza. Akasema, "Toka. Kaa huko nje."

Nikakaa nje juu ya pipa tupu. Ukungu mpaka magotini. Nikasema basi, likizo nimeizika kwa mkono wangu, na kazi juu yake. Nilikuwa natafuta maneno ya kukuambia wewe kwamba maalimu asome tu.

Kimani siku hiyo alifika asubuhi, maana mashine ilikuwa imekufa kabisa. Nikamsikia ndani anafungua vali kwa spana. Halafu akatoka nayo mkononi.

"Mzee wa Mombasa, nani alikutuma umwage maji kwa vali?"

"Mke wangu."

"Ako wapi?"

"Amefariki."

Akaipangusa vali kwa suruali yake. Nikamwambia, "Na mimi si wa Mombasa. Ni wa Munje."

"Sawa, mzee wa Munje. Alisema nini?"

"Alisema upashe shingo."

Akaigeuza vali akachungulia ndani. Akachokoa kwa njiti ya kiberiti, maana huku chelewa hakuna. Kikatoka kipande cheupe, kigumu, ukubwa wa kidole changu cha mwisho. Kikaanguka kwenye kiganja chake kikaanza kuyeyuka. Alikitazama mpaka kikaisha chote. Halafu akacheka peke yake. "Wiki tatu nachunguza kompyuta. Wiki tatu." Akasema motor haikuwa na kosa, ilikuwa inasukuma ukuta. Na akija mchana jua limeshapiga mabati, shingo imepata joto, ukuta umeyeyuka.

Nikamwuliza, "Ninyi hamkujua mafuta ya nazi yanaganda?"

"Tulijua. Ndiyo tukaweka hita kwa tangi."

"Na shingo?"

"Shingo hatukufikiria."

Akaniambia pia, mzee, siku nyingine uzime umeme kwanza. Nikasema nimesikia.

Akaweka vali nyingine. Akazungushia waya wa joto kwenye vali na kwenye bomba, akafunga kitambaa juu yake kama mtoto mwenye homa. Na kompyuta akaiambia isizungushe motor mpaka shingo ipate moto. Keshoye asubuhi tulisimama wote na makoti yetu. Mashine ikakaa kimya muda mrefu. Mama Njeri akanitazama mimi, si Kimani. Halafu tak. Chupa ikajaa. Tak. Yakakatika, hata tone halikudondoka.

Mama Njeri akaangalia chupa kumi zikipita. Ya kumi na moja akasema, "Basi enda."

"Wapi?"

"Kwenu. Si ulisema uko na matanga?"

"Si matanga. Ni hitima."

"Enda tu, mzee wa Munje."

Kwa hiyo jibu ndilo hili: maalimu asisome bila mimi. Natoka huku Jumatano ya wiki ya hitima, Alhamisi niko nyumbani.

Msalimie shemeji Omari, mwambie minazi aipande taratibu, si kijana tena. Msalimie mama mkwe, Bi Mwanakombo, mwambie nakuja kumshika miguu. Saumu mwanangu mwambie nimemsikia anapiga simu na mimi sipokei. Nitamweleza mwenyewe.

Jambo moja la mwisho. Chupa ya Mwanasha. Siku ile nilipofika ilikuwa palepale ukutani, imebaki nusu. Nikakuambia toa vitu vyake vyote, sitaki kuviona. Nilisema vibaya, na wewe ulikuwa umechoka kuliko mimi. Sijui chupa uliifanya nini. Kama uliitupa, ulifanya nililokuambia, usinijibu kwa simu, nitaona nikifika. Lakini kama uliiweka mahali, Ijumaa asubuhi itoe, iweke juu ya ukuta wa jikoni. Usiitikise. Na shingo usiipashe, dada. Niachie mimi.

Nduguyo,
Bakari