Mrija wa Baba

Bwegera, tarehe 18 Juni 2023

Mpendwa kaka Ndayisenga,

Amani ya Bwana iwe nawe, na wifi, na watoto hapo Lubumbashi. Mko wazima? Huku tunapumua. Mpunga tumeshavuna, mama anasumbuliwa na magoti tu. Salamu zimeishia hapo. Yaliyobaki ni machungu, na yametoka kwako.

Baba alikuwa anaendelea vizuri na dawa za kifua kikuu. Consolée, wa kile chama cha waliopona ugonjwa huu, alikuwa akija kila asubuhi kumwangalia akimeza. Ndiye aliyempeleka kupimwa makohozi tena, akarudi na habari njema: baba haambukizi mtu tena, ila lazima amalize dawa zote. Mama alipiga vigelegele.

Ndipo ukampigia simu baba mdogo Pontien, kabla ya harusi ya binti yake Louise. Ukaagiza baba asitie mrija wake kwenye chungu cha watu. Mtoto wa kwanza amesema, nani apinge? Wazee wakazunguka chungu cha pombe ya mtama, kila mmoja na mrija wake. Baba yetu, mkubwa wa ukoo, akapewa kikombe cha plastiki pembeni, karibu na mbuzi. Unajua kwetu anayenyweshwa peke yake ni nani: ni mtu aliyefukuzwa. Niliona aibu mpaka nikalia.

Consolée amesema hadi sauti imekauka kwamba ugonjwa huu hauambukizi kwa mrija. Unapita hewani, mgonjwa asiyetumia dawa anapokohoa. Krismasi baba alikuwa anakohoa damu, hajaanza dawa, na ulikunywa naye chungu kimoja ukicheka. Leo anapona ndiyo unamwogopa!

Tangu harusi hamezi. Jana Consolée alimpigia magoti. Baba akamjibu, "Dawa iko ya bazima. Miye, batoto bangu balishanizika."

Chama hakiwezi kumfungua mdomo. Wewe uliyemtenga ndiye unayeweza. Njoo uketi ubavuni pake, mbele ya wazee wale wale, mnywe pamoja. Ukichelewa, chungu utakachokikuta ni cha matanga yake, na hapo hakuna atakayekukatalia mrija.

Mbusu mtoto wetu Ciza, umsalimie na wifi. Mungu awalinde, na wewe akulainishe moyo.

Mdogo wako, ambaye bado anakupenda,
Pudentienne