Kikombe ya Pili mu Nyumba ya Samurai

Yaya Régine,

Jambo sana kwako na kwa bote ba kwetu ku Bel-Air. Huku Japani baridi iko mingi, lakini niko muzima.

Jana miye na guide, mwenye kunitembeza, tulitembelea nyumba ya samurai moja, mumoja wa bale bashujaa ba zamani ba panga. Nguo yake ya chuma inaikala mu salon sawa muntu, lakini ndani ya uso yake ya chuma muko giza tupu. Mama muzee mwenye kuchunga nyumba alisema: samurai alienda ku vita, mwili haukurudia. Bibi yake alimutilia chai kila asubui mpaka akakufa.

Kisha akapatia guide kikombe yake, na miye akaniwekea mbili.

"Ya pili ni ya nani?" nikauliza.

Guide akatafsiri: "Ya ule muntu mulefu mwenye uliingia naye. Anauliza, mbona nguo yake inatona maji?"

Yaya, niliingia miye na guide tu, hakuna mwingine. Nikafikiri kaka yetu Edouard, mwenye alizama na mutumbwi ku Kasenga, na mwili haukuonekana, hatukumuzika. Sikugusa ile kikombe. Wakati tulisimama, ilikuwa tupu.

Najua Mama angali anamubakishia Edouard chakula. Umuambie aache. Muite padri, mufanye kilio mbele nirudie, juu sitaki aingie na miye ku mulango ya Mama.

Mudogo wako,
Lombe