Spika ya Kushoto

9 Januari

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekula na umelala. Mimi sijambo. Magoti ndiyo yanayolalamika, lakini yalianza kulalamika wewe ukiwa shule ya msingi, kwa hiyo tumezoeana.

Mzigo wako umefika. Karani wa posta alinitaka niufungue mbele yake. Alipoona masanduku mawili ya mbao yasiyozidi kimo cha kamusi, akauliza kama ni mizinga ya nyuki. Nikamweleza kuwa ni spika za kuweka kwenye rafu ya vitabu, na kwamba zilitengenezwa yeye hajazaliwa. Akanitazama kwa huruma.

Umechagua vizuri. Kama ziliuzwa kwa bei ya kutupa hapo kwenye bohari lenu la vitu vilivyotumika, hasara ni yao, maana mbao ni nzuri na sumaku ni nzito. Kilichokufa ni sponji tu, ule mkanda laini unaoizunguka karatasi ya spika na kuiacha icheze mbele na nyuma. Ukiugusa unabaki vidoleni kama keki iliyochacha. Nimeukwangua wote na kubandika mpya. Kazi kubwa ni kuiweka karatasi katikati kabisa kabla gundi haijashika: unachomeka vipande vyembamba vya kalenda kuizunguka koili ya waya iliyo nyuma yake, unasubiri, kisha unavichomoa taratibu. Ukiharakisha, koili itasugua na spika itakwaruza maisha yake yote.

Nimezipanga kando ya zile zetu za zamani ili nizishindanishe. Zetu naziita Wenyeji, zako Wageni. Wageni wana sauti ya watu waliosoma. Ila yule wa kushoto ana mafua: sauti nyembamba, kama za matoazi, hazitoki. Nadhani ni kapasita, kile kijipipa kinachozichuja sauti hizo, kikizeeka hukauka. Ukizipata huko nitumie. Unaikumbuka kanuni yangu: usiikisie kasoro, ihamishe. Badilisha kitu kimoja tu, uone kama imehama nacho. Ikihama, mwizi umempata. Ikibaki, mwizi ni mwingine.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu nayo siku hizi inanong'ona. Mwisho wa mwaka ukija likizo, utakaa kwenye kiti chako ufumbe macho kama zamani, uniambie nani kashinda.

Baba yako

*

4 Februari

Shikamoo Baba,

Huku sijambo, kifua kilichonibana kimeachia. Pole na magoti.

Msimamizi wetu aliniona nikizipapasa zile spika siku niliyozinunua, akasema wanawake wenzangu hununua sufuria. Nikamwambia sufuria haina besi. Tangu siku hiyo ananiita Fundi, na vyote vyenye waya vinaletwa kwenye meza yangu.

Wenzangu chumbani niliwasimulia kwamba nyumbani nilikuwa nafungwa leso machoni na kuulizwa "ya kwanza au ya pili?" kabla ya kupewa chakula. Wanadhani nililelewa na mtu katili. Sikuweza kuwaeleza kwamba ndizo saa nilizozipenda kuliko zote, wewe ukihamisha waya nyuma ya rafu na mimi nikijitia najua.

Kapasita ziko ndani ya soksi, na soksi ni zako pia. Nimeomba likizo ya Desemba. Msimamizi amesema "tutaona," na kwake hilo ni karibu na ndiyo.

Simu yako sidhani ni mbovu, Baba. Mimi nakusikia vizuri sana.

Mwanao

*

23 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nafurahi kifua kimepona. Mimi mzima, ila nimechoka na nimekasirika, na hasira katika ufundi ni kama mchanga katika gundi.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni kaja, mwenyeji kaugua. Nimeweka kapasita mpya, mafua yakabaki. Nikamhamishia Mgeni wa kushoto upande wa kulia: akapona papo hapo. Mwenzake nilipomleta kushoto, akashikwa. Nikawaweka Wenyeji, ambao hawajaumwa tangu mama yako yu hai, na yule wa kushoto akaanza kuimba kama aliyefunikwa blanketi. Basi ni amplifaya. Nikageuza nyaya, kushoto palepale. Nikaazima amplifaya ya fundi cherehani wa mlango wa pili, kushoto. Nikafikiria chumba, maana upande wa dirisha kuna pazia zito, na pazia hunywa sauti. Tukaibeba rafu nzima hadi ukuta wa pili, mimi na huyo fundi cherehani, yeye akinung'unika kwamba amebeba mizigo midogo zaidi siku za kuhama nyumba. Kushoto.

Nilimkalisha asikilize. Akasikiliza, akala karanga, kisha akasema, "Mwalimu, zote zinaimba sawasawa." Nikamjibu kwamba masikio yake yameliwa na cherehani. Akajitwalia mita yake ya kupimia nguo na kuondoka. Hajaja tangu juzi.

Kuna jambo jingine. Nasikia mluzi, mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka, nao unabaki hata nikizima kila kitu. Umeme wa mtaa huu ni mchafu. Nitumie kapasita nyingine, za aina bora.

Baba yako

*

15 Aprili

Shikamoo Baba,

Natumaini hasira imetulia. Mimi ni mzima, ila barua yako nimeisoma mara nne.

Situmi kapasita. Umehamisha spika, nyaya, amplifaya na ukuta, na kasoro haijahama. Wewe mwenyewe umenifundisha maana yake. Kuna kitu kimoja hujakihamisha. Kuna methali mtoto hawezi kumwambia baba yake, ile ya nyani, kwa hiyo nitaomba tu.

Washa Wenyeji. Sikiliza kama kawaida. Kisha geuza kiti, uzipe spika mgongo. Kama mafua yatabaki kwenye spika ileile, mimi ni mjinga na nitaomba radhi mbele ya fundi cherehani. Kama yatahamia kwenye spika ya pili, tafadhali Baba, usifungue tena kitu chochote. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na huo mluzi unaobaki umeme ukizimwa, waambie.

Mwanao

*

28 Mei

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima. Sijapata jibu. Nikikupigia unaniambia hali ya hewa.

Uligeuka?

Mwanao

*

12 Juni

Mwanangu,

Marahaba, hujambo? Mimi niligeuka.

Niligeuka siku ileile barua yako ilipofika. Mafua yalihama. Nilikaa hivyo, mgongo kwa spika, nikitazama mlango, mpaka kanda ikaisha. Jaribio lako lilikuwa safi: kitu kimoja kimebadilishwa, vingine vyote vimeachwa. Darasani ningekupa maksi zote.

Lakini sikwenda hospitali. Nilifungua amplifaya tena. Nilijiambia huenda zote mbili ni mbovu, sikio na chombo, na chombo ndicho ninachokiweza. Yalipita majuma hivyo.

Aliyenipeleka ni fundi cherehani. Alikuja kudai amplifaya yake, akanikuta nalehemu. Baadaye alinisimulia kwamba alisimama nyuma ya bega langu la kushoto akaniita mwizi, akaniita mlevi, akaniita na mengine ambayo amekataa kuyarudia, na mimi naendelea kulehemu. Kisha akazunguka upande wa kulia, akaniambia polepole, "Mwalimu, vaa viatu, twende."

Daktari ni binti wa rika lako, anaeleza vizuri. Sikio lenyewe ni zima. Uliokufa ni mshipa unaopeleka sauti kwenye ubongo. Mara nyingine, mtu akifika mwanzoni kabisa, dawa huuokoa. Aliniuliza ilianza lini. Nikasema Januari. Aliandika, akageuza ukurasa, na mimi nikashukuru.

Kosa langu si ujinga, na hilo ndilo linaloniuma. Kanuni nilikuwa nayo. Nilimtafuta mwizi kila chumba, na yeye kakaa kwenye kiti.

Sikio la kulia nalo limeanza, na linakwenda upesi. Niliuliza habari za vifaa vya masikioni. Kifaa hupaza sauti, lakini hakifufui mshipa. Ni kama kuongeza nguvu za amplifaya wakati koili imekatika. Alisema huenda nikafika mwisho wa mwaka nikiwa na kitu kidogo. Hakuahidi.

Kwa hiyo Desemba njoo. Kuhusu spika sina haraka. Nataka ukae upande wa kulia, uzungumze, hata kama ni habari za sufuria. Sikio hilo bado linakujua.

Baba yako

*

19 Septemba

Shikamoo Baba,

Natumaini unaendelea na dawa za mluzi na unalala. Mimi mwili ni mzima.

Jumapili kwenye simu ya video nilikuambia jambo, na nalirudia hapa kwa sababu jibu lako linanitesa. Nilikuambia bohari limeuzwa. Wenye mali wapya wamefuta likizo zote. Anayeondoka kabla mkataba haujaisha harudi, na kibali changu cha kuishi huku kimefungwa kwenye kazi hii. Nilikuambia Desemba siji. Labda katikati ya mwaka ujao, nayo ni labda. Nilikuambia nipo tayari kuacha yote nije, useme neno moja tu.

Ukacheka, Baba. Ukaitikia kwa kichwa, ukasema, "Vizuri sana, mama, vizuri sana."

Nimejaribu kuamini kwamba ulikuwa unanipa moyo. Niandikie kwamba ulinisikia.

Mwanao

*

22 Oktoba

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imenikuta mzima, ukiondoa tunapopajua.

Sikukusikia. Niliona kwenye kioo cha simu mdomo wako unafunguka na meno yanaonekana. Nikadhani unacheka, nami nikacheka. Sasa najua ulikuwa unafanya nini, na sitaki uniandikie kwamba nimekosea.

Siku ile nilitoka na furaha, nikamwambia fundi cherehani kwamba umethibitisha kuja Desemba. Akashona mapazia mapya ya chumba chako. Nilipomwonyesha barua yako alikaa kimya. Yaani midomo haikutikisika. Halafu akachukua chaki yake, akaandika juu ya meza ya kukatia: "Mapazia hayaozi." Mimi na yeye siku hizi huzungumza kwa chaki. Hati yake ni mbaya sana.

Sikio la kulia limekwenda. Lilikuwapo asubuhi moja ya juma lililopita, kidogo, kama mtu anayezungumza nyumba ya tatu, na baada ya hapo sijalipata. Nimewahi kusoma kwamba mtu anaweza kusikia muziki kwa viganja. Nimejaribu. Nimeweka mkono juu ya sanduku la Mgeni, kisha juu ya sanduku la Mwenyeji. Ni mbao zinatikisika, basi. Siwezi kukuambia nani kashinda, na nisingependa mtu mwingine aniambie. Nimezizima.

Ulisema niseme neno moja. Neno lenyewe ni kaa. Ulipouliza huenda lingekuwa jingine, lakini sikulisikia swali, na sasa hakuna unachokiwahi. Usiache kazi kwa ajili ya sikio ambalo limekwisha. Mwaka ujao, au ule unaoufuata, kwangu ni sawa.

Nikuelekeze jambo moja la nyumba. Watu wamekuwa wakija, wanagonga, wanaondoka wakidhani sipo. Msoma mita ya umeme aliniachia karatasi ya lawama. Kwa hiyo mchana siweki tena komeo. Siku utakayofika usisimame nje kupiga hodi, utachoka bure. Sukuma mlango, ingia, na uje kwa mbele, nikuone.

Baba yako