Mushipa Ule Unaotoka Kichwani Mupaka Tumboni

Goma, Mabanga, tarehe 10 Novemba 2025

Mpendwa Mama Mudogo Bénita,

Jambo sana. Uko muzima? Na joto la Lubumbashi, umelizoea? Siye huku tungali tunapumua, Mungu asifiwe.

Najua kuona mwandiko wangu kunakuuma. Tangu Mama, dada yako, aseme mbele ya familia kwamba ulimutilia karuho, ile sumu ya polepole, mu sombe yako ya majani ya muhogo, hakuna mutu wa nyumba hii aliyekuandikia. Aibu ni yetu.

Ulipoondoka, tumbo lake liliendelea kukaza. Muganga wa majani kule Birere alimutapisha, akatuonesha kipande cha nyama, eti karuho ndiyo hii! Tulimushukuru kwa magoti. Kesho yake maumivu yakarudi palepale.

Mwishowe mimi na Papa tukamupeleka kwa dokta mumoja mwanamuke, huko Himbi. Akamupima egzame zote: hakuna sumu, hakuna kidonda. Akauliza ilianza lini. Mama akajibu: siku ya mabomu, tulipokula sombe ya Bénita tukilala chini.

Dokta akapitisha kidole nyuma ya sikio la Mama, shingoni, kifuani, mupaka tumboni. Akasema kuna mushipa unapita hapo, nerf vague, na habari zinazopanda kutoka tumboni kwenda kichwani ni nyingi kuliko zinazoshuka. Woga unafunga tumbo, tumbo nalo linarudisha woga kichwani. Maumivu ni ya kweli kabisa, ila hakuna mutu aliyeyaweka.

Eh Mungu wangu! Nilishika shingo yangu pale pale kwa kiti. Kumbe tunatembea na ajabu hii ndani yetu, nasi tunatafuta wachawi!

Sasa Mama anakunywa dawa, na asubuhi anakaa mulangoni kama dokta alivyomufundisha, anatoa pumzi polepole sana, akiimba wimbo wa kanisa midomo imefungwa. Tulimucheka, lakini juzi alimaliza bugali na samaki wadogo wa sambaza akaomba ingine. Nilibaki mudomo wazi.

Jana aliita familia ile ile, akasimama. Akasema: "Nilimufukuza mutoto wa mama yangu juu ya woga wangu." Akalia sana. Simu anaona haya kukupigia. Ukikataa kurudi, hatutakulaumu.

Papa na wadogo zangu Bashige na Miriam wanakusalimia. Mama naye anasema: siku utakayokuja, umupikie, na usionje mbele yake kama mutu anayeshukiwa. Atakula wa kwanza.

Mungu akulinde kila unapolala na unapoamuka.

Wako akupendaye,
Mapendo