Wimbo Usio na Mwenyewe

3 Machi

Kwako binti yangu,

Salamu nyingi. Sikuulizi kama u mzima, maana leo asubuhi nimekusikia ukicheka redioni, na mgonjwa hacheki vile. Mimi huku nipo. Nakula, nalala, jino la nyuma linanisumbua lakini halijanishinda. Ile simu uliyoniletea iko kabatini, bado na karatasi yake. Usikasirike. Sauti yako naipata kila siku bila simu, na nikiwa na langu la kusema naandika, nampa dereva wa gari la magazeti, linakufika.

Leo ninalo la kusema. Jana mliupiga wimbo wangu. Nilikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa nimeshanyoa, nusu bado. Nikamwambia, "Huyu anayeimba ni mimi." Akanitazama kwenye kioo kama mtu anavyomtazama mtoto aliyesema ameona simba nyuma ya choo. Fundi cherehani wa duka la mbele alikuwa amekuja kuazima mkasi. Naye akadakia, "Mzee, mtaa huu kila mwenye mvi aliwahi kuwa na bendi." Wakacheka mpaka mteja akatikisika kitini.

Nikawaambia, ngojeni, mtangazaji atataja. Nikazima mashine. Tukatulia wote watatu. Wimbo ukaisha, na wewe mwanangu ukasema, "Na sasa, bei mpya za magodoro."

Sikiliza. Enzi zetu mtangazaji alikuwa anangoja gitaa la mwisho linyamaze. Ndipo aseme kwa utulivu: "Mmesikiliza 'Nimekuwekea Maji.' Mwimbaji na mtunzi ni Taratibu, akiwa na Bendi ya Kiwanda cha Viberiti." Alikuwa kama anamsindikiza mgeni mpaka getini. Siku hizi mnamsukuma mgeni nje na viatu vyake mkononi.

Nataja ombi langu moja tu. Ukiupiga tena, nitaje. Mara moja inatosha.

Ni mimi baba yako, kinyozi.


12 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua imenifika ikinukia wino wa magazeti. Nimefurahi kwamba unakula, ila kwa hilo jino nenda ukamwone daktari, usilibembeleze. Mimi sijambo. Nimepungua kidogo, lakini ni kwa sababu ya ngazi za jengo letu, lifti imekufa tena.

Nimesoma habari ya magodoro nikaona aibu. Lakini, Baba, mikono yangu imefungwa. Nyimbo sichagui mimi. Zinapangwa na kompyuta, na wako humo ndani umeandikwa "Zilipendwa" na namba, basi. Mkuu wa vipindi amekataza kutaja wimbo na mwimbaji. Anasema msikilizaji hajaja kuitiwa majina kama yuko darasani, na kila jina linakula nafasi ya tangazo. Mwenzetu wa kipindi cha jioni alimtaja mwimbaji mmoja kwa mapenzi yake tu. Sasa hivi yuko stoo, anakunja nyaya.

Siku hizi msanii tunamtaja siku akifa. Hapo ndipo anapata jina lake kamili, wimbo wake na bendi yake. Tukimaliza tunarudi kwenye magodoro. Sijaipenda, lakini ndivyo ilivyo, na mkataba wangu bado ni wa majaribio.

Watu wanadhani naongea na nchi nzima. Naongea na taa nyekundu, Baba. Chumba ni cha vioo, niko peke yangu, nacheka nikiambiwa na kompyuta kwamba sasa ni zamu ya kucheka. Nikirudi chumbani kwangu sina hata wa kuniambia pole. Nikipata likizo nitakuja.

Binti yako.


20 Machi

Binti yangu,

Salamu. Niko salama, jino nalo liko salama, linakula kuliko mimi.

Nimekuelewa. Kazi ni kazi. Basi nitafanya haraka nife ili nitajwe. Natania, ila nusu tu.

Nikuambie ukweli, maana kwenye karatasi ni rahisi. Tangu mama yako aondoke, hakuna mtu mtaa huu aliyenijua kabla sijawa mzee. Mama yako alinijua nina nywele. Alinijua nikiwa na suti ya bluu ya bendi, miguu ya suruali mifupi kwa sababu fundi alikosea kipimo. Wa bendi tuliobaki ni mimi na mpiga ngoma, naye yuko mbali. Hapa mimi ni mzee wa kunyoa, kana kwamba nilizaliwa na hili koti jeupe. Vijana wamehamia saluni mpya yenye televisheni. Siku nyingine nafungua duka, nafagia, nafunga, na sijasema neno ila kujibu salamu.

Ndiyo maana nilitaka nitajwe. Si sifa ninayotafuta. Nilitaka mtu ageuke aniangalie mara ya pili. Na nilitaka yatoke kinywani mwako.

Barua yako ijayo nisipojibu usihangaike. Nimenuna kidogo, itapita.

Baba yako.


29 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua zangu mbili hujajibu. Nimemuuliza dereva wa magazeti, kasema amekuona umekaa nje ya duka, mzima kabisa, ukamgeuzia mgongo. Kwa hiyo umenuna kweli, na hukusema uongo.

Acha kununa. Leo nimekutaja.

Wimbo wako uliingia baada ya habari ya saa nne. Niliijua ile namba yake mara tu ilipotokea kwenye kioo cha kompyuta. Ukifika mwisho, natakiwa nibonyeze kitufe cha tangazo kabla gitaa halijamaliza. Sikubonyeza. Nikaliacha gitaa liseme yake mpaka likanyamaza lenyewe. Kikapita kimya, kimya ambacho sijawahi kukisikia redioni tangu nianze kazi. Ndipo nikasema yote, pole pole, kama ulivyoniandikia: wimbo, mwimbaji na mtunzi, bendi, kiwanda. Nilitaka kuongeza kwamba ni baba yangu. Koo likakataa, ningelia.

Mkuu wa vipindi alishafika kwenye kioo kabla sijamaliza. Hakugonga. Alisimama tu na mikono mfukoni. Kesho naitwa ofisini kwake.

Sijutii, Baba. Niandikie neno moja tu, kwamba umesikia.

Binti yako.


6 Mei

Binti yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima zote, na kununa nimeacha.

Sikusikia.

Ngoja nikueleze kabla hujatupa barua. Siku ile jino lilinishinda. Nikafunga duka asubuhi na mapema, sikumuaga mtu, nikaenda kituo cha afya kung'oa. Foleni ilikuwa ndefu. Walipomaliza wakanijaza pamba mdomoni, shavu limevimba upande mmoja, wakaniambia nisiseme kitu mpaka jioni. Nikarudi kwa miguu, taratibu kama jina langu.

Nafika kwenye kona, naona watu wamejaa mbele ya duka langu. Viti vya kukodi vimepangwa. Turubai linafungwa. Wanawake wamekaa kwenye mikeka, wengine wanalia. Mlangoni kwangu kumetundikwa kitambaa cheusi, tena kizuri, cha fundi cherehani mwenyewe. Nikasimama nyuma ya umati nikijiuliza ni nani kafa. Nikamgusa bega mama mmoja nimuulize, lakini na pamba ile nikaweza kusema "mmm" tu. Akajibu bila kugeuka, "Mzee wetu kinyozi. Redio imemtaja jina zima, na wimbo wake. Kumbe alikuwa anasema kweli, maskini."

Mwanangu, mmewazoesha wenyewe. Jina likitajwa, mtu amekwenda. Na duka lilikuwa limefungwa. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Aliyekuwa analia kuliko wote ni fundi cherehani. Alikuwa anawaambia watu, "Nilimcheka. Nilimcheka mbele ya mteja." Nikapenya mpaka mbele yake. Akaniona, na shavu hili, na damu kwenye shati. Alichokifanya sitakiandika, yeye ni jirani yangu. Nitasema tu kwamba viti vitatu vilianguka na mikeka ikabaki bila watu.

Walipoamini kwamba ni mimi, walicheka mpaka wakalia tena. Hakuna aliyeondoka, viti vilikuwa vimeshalipiwa. Wakaniketisha katikati, wakauimba wimbo wangu wote, hata ubeti wa tatu ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeusahau. Kesho yake akashuka mpiga ngoma, amesafiri usiku kucha kuja kunizika, na vijiti vyake ndani ya soksi. Alikaa siku mbili. Tulikumbushana mpaka tukagombana kama zamani.

Sasa wameondoka. Turubai limerudishwa. Kila mmoja amenisimulia ulivyosema, na kila mmoja anasema tofauti. Mpiga ngoma alijaribu kukuiga sauti, akatoa ya mbuzi. Nchi nzima imesikia, mimi peke yangu sikusikia.

Na limenikaa jambo moja rohoni. Nimeuona msiba wangu, watu walijaa mpaka barabarani. Jana nimefungua duka, nimefagia, nimefunga. Walinipungia mkono kwa upendo sana, kila mtu akaenda zake.

Nakuomba unitaje tena. Safari hii nitakaa hapa hapa kitini.

Baba yako, marehemu wa uongo.


25 Mei

Baba yangu,

Shikamoo, na pole ya jino, na pole ya msiba. Nimesoma barua yako jikoni kazini. Nilicheka mpaka mlinzi akaja kuniangalia, kisha nikafika kwenye ule ufagio wako, nikalia mbele yake.

Siwezi kukutaja tena. Nimeondolewa kwenye muziki, na kompyuta nimefungiwa. Mkuu wa vipindi alisema kwa kuwa napenda sana kusoma majina, atanipa majina ya kutosha. Amenipeleka matangazo ya vifo, asubuhi na jioni. Ndiyo maana huyo anayecheka saa hizi redioni si mimi.

Nakaa kwenye kidirisha. Watu wanakuja na karatasi zao, macho mekundu, nagonga muhuri, kisha naingia kusoma. Marehemu, mume wa, baba wa, babu wa. Hapo hakuna anayenikatiza. Ukutani kuna amri ya mkuu mwenyewe: kilicholipiwa na kugongwa muhuri kinasomwa kama kilivyo, hakuna kupunguza wala kuongeza neno. Baada ya mazishi wengine hurudi na tangazo la shukrani, kuwashukuru waliofika msibani. Hayo nayasoma kwa raha kidogo.

Lakini kila siku nasoma baba za watu. Karatasi mpya ikisukumwa chini ya kioo, kwanza natafuta jina lako. Naogopa, Baba. Na likizo nimenyimwa mpaka mwakani, nikiondoka kazi imekwenda. Nisamehe kwa kuwa hukusikia.

Binti yako.


2 Juni

Binti yangu,

Salamu. Mimi mzima, natafuna upande mmoja.

Usiombe msamaha. Nilipokuwa nakunja barua yako niliona kosa langu mwenyewe: watu waliacha shughuli zao wakaja kunililia, na mimi sijawashukuru. Hiyo si adabu. Kwa hiyo nimeandika tangazo la shukrani, na ada nimemkabidhi dereva wa magazeti ailipe kwenye kidirisha chako. Fundi cherehani amelinakili kwa herufi kubwa. Alinishauri niandike yote yaliyo moyoni, maana kwenu huko neno halikatwi.

Ligonge muhuri, ulisome jioni ya Jumamosi. Nitakuwa kitini, redio iko mbele yangu, na sina jino jingine la kunipeleka popote. Koo likikukataa, meza mate, endelea. Limeshalipiwa.

Baba yako.

TANGAZO LA SHUKRANI

Mzee Taratibu, mwimbaji na mtunzi wa wimbo "Nimekuwekea Maji," wa iliyokuwa Bendi ya Kiwanda cha Viberiti, anawashukuru majirani wote waliofika dukani kwake kumlilia. Shukrani za pekee zimwendee fundi cherehani kwa kitambaa cheusi, na mpiga ngoma kwa kusafiri kutoka mbali. Anawaomba radhi kwa kuwa hakuwa amekufa. Yu hai, ananyoa kila siku isipokuwa Jumapili, na kuanzia jioni yuko peke yake. Mwenye nia ya kumtembelea asingoje msiba mwingine. Mzee Taratibu ni baba wa huyu anayelisoma tangazo hili. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki, na zimfikie bintiye, popote alipo.