Osborne ya Elmer

Jumanne, 3 Februari 1998

Baridi ya kukata masikio. Gari nilikuwa nimelichomeka kwenye umeme tangu mchana ili injini isigande, na bado liligoma kuwaka. Nikaenda mkutanoni hivyo hivyo kwa kuchelewa. Kwa nini nilienda, sijui.

Tulikuwa wawili! Mimi na Blanche Pelletier, kwenye chumba cha chini ya kanisa, viti vimepangwa kana kwamba kuna watu wanakuja. Ndiyo klabu ya noti za kale ya Yorkton hiyo — mimi na bibi mmoja mwenye chupa ya kahawa. Wa tatu ni Elmer, na Elmer yuko hospitali. Blanche akasema tuifunge klabu mwezi wa tatu. Nikamwambia Elmer hajafa.

"Sijasema amekufa, Orest. Nimesema hatazishuka tena ngazi hizi."

Tukaonyeshana tulivyonavyo, kama ada. Yeye, dola moja ya 1954, ile ambayo mikunjo ya nywele za Malkia imetokea kama uso wa shetani. Nimeshaiona mpaka nimechoka. Mimi nilipeleka albamu yangu ya noti za dola tano-tano za bluu, za 1937, Mfalme George katikati. Zenye sahihi za Gordon na Towers ninazo. Za Coyne na Towers ninazo. Mfuko wa kwanza kabisa bado mtupu — hapo ni pa Osborne. Naibu gavana yule wa benki kuu alikaa miaka michache akaondoka, na noti zenye jina lake zikabaki za kutafuta kwa tochi. Iliyo safi, ambayo haijapita mikononi mwa watu ikachakaa, nimeiona moja tu maishani. Ya Elmer.

Perogi za juzi, zile za unga na viazi ndani, baridi, nimekula nikiwa nimesimama. Nalala.

Alhamisi, 5 Februari

Hospitali. Elmer amepungua mpaka shuka halijui kama kuna mtu. Sukari ilishamchukulia macho, sasa kansa imefika kwenye ini. Daktari hasemi tena "tukimaliza matibabu".

Nilipoingia tu: "Nani huyo? Mla Pai?"

Jina langu hilo! Zamani tulikwenda pamoja kwenye mnada wa shamba karibu na Canora. Mimi nikapanga foleni ya pai ya cheri. Yeye akafungua kitabu cha nyimbo cha marehemu mwenye shamba, na ndani — Osborne, ya bluu, imelala. Niliporudi na pai yangu, kitabu kilikuwa kimeshalipiwa. Tangu hapo hajawahi kuniita Orest akiwa na furaha.

Leo akaniambia nimletee noti hiyo. Anataka aitoe kwenye mfuko wake, aishike kwa vidole vitupu. Nikashtuka. Sisi hatushiki! Tunashika kwa kingo, tena kwa glavu. Mafuta ya vidole yanaua karatasi. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha, kwa matusi.

"Mafuta yangu yataharibu nini sasa?" akasema. "Miaka yote nimeitazama tu, bwana. Macho ndiyo hayo yamekwenda. Sijawahi kuisikia. Nataka niisikie ikilia."

Namwelewa. Karatasi ambayo haijatumika ina mlio wake ukiichapa kwa kidole. Kavu. Noti iliyochoka haina.

"Nikishaisikia, uichukue," akasema. "Iwe yako. Nimeshamwambia binti yangu Signe."

Nilifurahi. Nayaandika hapa kwa sababu hapasomwi na mtu: rafiki yangu anakufa, na mimi kwenye lifti nilikuwa natabasamu. Huzuni ilikuja baadaye, nikiwa nakwangua barafu kwenye kioo cha gari.

Jumamosi, 7 Februari

Sijui nianzie wapi.

Nilimpigia Signe, binti yake, nikamwomba ufunguo wa nyumba ya baba yake. Akasema, "Anko Orest, usihangaike kwenda kule, zote ninazo mimi! Njoo uone nilivyozitengeneza."

Nimezitengeneza. Nilipaswa kuliogopa neno hilo palepale. Sikuliogopa.

Signe anafundisha chekechea. Muuguzi mmoja alimwambia pesa za zamani zina vijidudu, zisiletwe karibu na mgonjwa. Basi akazichukua noti bora za Elmer, akaenda nazo shuleni, akazipitisha kwenye mashine ya kulamineti. Ile ile anayofunikia kadi za a, b, c kwa plastiki! Amezipanga kwenye karatasi moja kubwa, nyuma ameweka manila ya bluu, pembeni nyota za kubandika.

"Sasa baba anaweza kuzishika apendavyo," akasema. "Zikichafuka, unazipangusa kwa kitambaa tu."

Niliitafuta. Mstari wa juu, ya tatu. Osborne. Imepigwa joto, imebanwa, imemezwa na plastiki, na kiputo cha hewa kimesimama shavuni mwa Mfalme. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumshika mabega yule binti nimtikise. Akanikatia keki ya kwao ya tabaka za plamu, akanimiminia kahawa, akawa ananitazama usoni.

Nikasema, "Nzuri sana."

Akanikumbatia akalia. Akasema tangu utotoni baba yake hakuwahi kumruhusu kugusa zile noti, na hii ndiyo mara ya kwanza kufanya kitu kwa ajili yake ndani ya mambo yake. Anataka kumpelekea Jumatano baada ya shule. Nikamwomba asubiri mpaka Jumamosi ijayo. Akauliza kwa nini. Nikatunga uongo wa vipimo na madawa, na akaukubali, maskini.

Nimefika nyumbani nimekaa na koti langu mwilini. Giza liliingia nikiwa hapo hapo kwenye kiti. Ile noti ilinusurika vita, ikanusurika panya na mjane na mnada, ije kufia chekechea! Sina nguvu hata ya kuvua buti.

Jumapili, 8 Februari

Kanisani sikwenda. Nilimpigia Blanche. Nikamweleza, naye akatukana kwa Kifaransa — sijawahi kumsikia. Nikamuuliza kama plastiki inaweza kubanduliwa. Nilijua jibu. Gundi yake huyeyuka ikaingia ndani ya karatasi. Ukibandua, uso wa Mfalme unaondoka nayo.

"Hiyo si noti tena," akasema. "Imekuwa kadi. Mwambie Signe ukweli, ni mtu mzima."

"Ili iweje? Amzike baba yake na jambo hilo kichwani?"

"Basi mwambie Elmer."

"Hilo ndilo baya zaidi."

"Basi mdanganye, Orest. Unaniuliza nini mimi?" Akakata simu. Nadhani alikuwa analia, au alikuwa na hasira na mimi. Kwa Blanche huwezi kujua.

Jumatatu, 9 Februari

Nimeitoa Gordon yangu bora, nimpelekee badala ya yake. Elmer haoni. Sahihi haigusiki kwa kidole. Bluu ile ile, karatasi ile ile.

Nimeijaribu mlio — tak! Imelia vizuri. Albamu sasa ina mifuko miwili mitupu ukurasa mmoja. Nimeifunga, nimeirudisha kabatini.

Jumanne, 10 Februari

Upepo. Njia ya uani imezibwa na theluji. Sikutoka. Sikula cha maana. Nimefanya mazoezi ya uongo mbele ya kioo cha bafuni, mzee mzima.

Jumatano, 11 Februari

Naandikia hapa hapa, kwenye benchi la ukumbini nje ya chumba cha Elmer. Nisipoandika nitapiga ukuta.

Niliingia baada ya chakula. Supu yake haikuguswa. Televisheni ya mgonjwa jirani ilikuwa inaonyesha michezo ya majira ya baridi huko Japani, watu wanasukuma mawe kwenye barafu, wanapiga kelele. Nikamwambia Elmer, nimeileta. Akainuka! Mtu ambaye siku hizi wanamgeuza kwa shuka, akainuka kwenye mto.

Nikamwekea kiganjani. Akaiacha imelala kidogo. Halafu akaishika ncha, akaisogeza sikioni, akaichapa.

Tak.

"Sikia huyo!" akasema. Akaichapa tena. Akacheka bila sauti, mabega tu yanacheka. Muuguzi akachungulia, akacheka naye asijue anachekea nini. Nikaona: imekwisha, nimefaulu, hata Mungu atanielewa.

Halafu kidole gumba chake kikaanza kutembea ukingoni. Polepole. Kikashuka mpaka kona ya chini, kulia.

Hapo nikakumbuka. Osborne ya Elmer ina mkunjo kwenye kona hiyo! Jalada la kitabu cha nyimbo liliikunja, na haukuwahi kutoka. Elmer ameulalamikia mkunjo huo tangu siku ya mnada mpaka sisi sote tukachoka kumsikia. Nami nilisahau — kwa ile haraka, kwa kuhangaika na sahihi, nikaisahau kona. Gordon yangu kona zake zote ni kali.

Gumba likasugua. Likarudi. Likasugua tena. Kule kwa jirani wakashangilia jiwe.

"Kona imenyooka," Elmer akasema.

"Imekaa kwenye mfuko muda mrefu. Imejinyoosha."

Mkunjo haujinyooshi. Mkunjo ukishavunja karatasi, ni wa milele. Nani alinifundisha hilo? Yeye.

"Ehe," akasema. "Inawezekana."

Akailaza noti kifuani, akaifunika kwa kiganja. Akaacha kucheka. Nilimuuliza kama anataka maji, hakutaka. Akasema nimwite Signe, anataka anikabidhi mbele yake, Signe ashuhudie.

Nikasema Signe anakuja Jumamosi.

"Leo, Orest. Mimi Jumamosi sina."

Orest. Hakusema Mla Pai.

Akamwomba muuguzi, muuguzi akampigia Signe shuleni, na Signe yuko njiani. Mimi nikatoka eti naenda chooni, nikakaa hapa.

Nilidhani la kuogopa ni kwamba atanikabidhi noti yangu mwenyewe na mimi nitasema asante. Hilo ningelimeza. Sasa tangu nikae kwenye benchi hili ndiyo naelewa. Anajua si yake. Yake iko wapi, hajui. Aliyeileta ni mimi. Aliyeitamani tangu siku ya mnada ni mimi. Mtu aliyelala mle ndani anadhani nimemwibia! Anadhani nimeificha yake na kumletea ya kumlaghai kipofu. Anamwita binti yake ashuhudie — ashuhudie nini? Kunikabidhi, au kuniuliza?

Nikitaka kujisafisha, lazima aone — lazima ashike — ile plastiki. Na Signe awe amesimama pale pale.

Namwona. Yuko mlango wa mwisho wa ukumbi, anakung'uta theluji kwenye buti. Ile karatasi iko kwapani. Ameifunga utepe mwekundu! Mashavu mekundu, amekimbia kutoka kwenye gari. Ndani Elmer anaita, sauti imemkauka: "Orest? Umekwenda wapi, Orest?"

Signe amefika. Amesimama mbele yangu, ananong'ona ili baba asisikie.

"Anko, ulisema nisubiri. Nimpe sasa?"