Jiwe la Ukuta wa Alexandra

Troyeville, Johannesburg

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili. Hilo goti linaamkaje siku hizi? Unakula vizuri? Najua utasema ndiyo, halafu Neema atanipigia simu aniambie ukweli. Mimi mzima, ila nyayo zimejaa malengelenge, na sababu yake ndiyo barua hii. Kwenye simu ningelia, na wewe ungesikia kilio usisikie habari.

Mama, nimeitembea nadhiri yako.

Ile Mei wenyeji walipotufukuza wageni Alexandra, simu yangu ikanyamaza siku nyingi, ulimwahidi Mungu kwamba nikionekana hai utayazunguka magofu ya mapadri wa zamani kule kwetu, moja hadi jingine, mpaka urudi ulikoanzia. Nikaonekana. Goti ndilo likakataa. Na juzijuzi uliponiambia kwamba usingizi umekukimbia, kwamba unaogopa kufa na nadhiri mdomoni, nilikaa mbele ya cherehani bila kushona chochote hadi mteja akaniuliza kama naumwa. Kwetu mtoto anaruhusiwa kuitembea nadhiri kwa niaba ya mzazi wake. Lakini karatasi zangu za ukimbizi haziniruhusu kuja huko nikarudi. Nikajiambia, magofu hata huku yapo.

Yaya Furaha, yule msusi wa Uvira ninayemheshimu kama dada mkubwa na ninayekaa naye chumba kimoja, akasema hawezi kuniacha nizurure peke yangu kama mbuzi aliyekata kamba. Tukangoja Pasaka, saluni yao ikafungwa, tukaondoka alfajiri. Tulianzia hapahapa Troyeville, kwenye ukuta uliobaki wa nyumba ya masista. Paa hakuna, na nyasi zimeota madirishani. Nikafanya kama ulivyonifundisha: nikagusa ukuta, nikasali, nikaokota kijiwe cha kupeleka kwenye gofu linalofuata, ili nyumba zisalimiane. Kisha tukashika njia ya Randburg.

Hujauona mji huu ukiwa umelala, mama. Ukungu ulikuwa umekaa barabarani, na zile taa wanazoziita roboti zilikuwa zinabadilika nyekundu, kijani, wala gari hakuna, kama zinazungumza zenyewe. Miti ya huku imeshikana matawi juu ya barabara. Tulitembea chini yake mpaka nikaacha kuisikia miguu yangu, nikawa sijui kama ni mimi ninayekwenda au ni nyumba zinazopita. Kuna mahali nilisikia harufu ya ziwa letu, kweli kabisa. Nikamwuliza Yaya kama naye anaisikia. Akasema ni samaki wa kukaanga kwenye mfuko wake, na kama nina njaa niseme tu.

Gofu la Randburg alilijua yeye, alikuwa akiliona akienda kusuka wateja huko. Madirisha ya upinde, matofali mekundu, mnara mrefu wa kengele. Tuliimba pale, mama. Sauti ilipanda ikazunguka, njiwa wakaruka, na mimi nikalia kwa raha. Niliacha kijiwe cha masista, nikachukua kipande cha tofali. Ndipo akatokea mlinzi, kijana wa Lubumbashi, akatusikiliza mpaka tukamaliza. Akasema kwa adabu, "Mama zangu, mmeimba vizuri sana. Lakini hapa walikuwa wanafua mashuka ya hoteli. Huo mnara ni bomba la moshi."

Nilinyong'onyea. Yaya hakutikisika. "Sasa pameombewa," akasema. "Na usafi nao si dhambi." Ila mimi sikulala vizuri kwa rafiki yake tulikofikia, maana nadhiri ni yako na kosa ni letu. Utaamua wewe mwenyewe.

Kutoka Randburg njia inakwenda Alexandra. Hapo ndipo nilipokuwa nikipaogopa tangu mwanzo, na Yaya alijua. Akasema tunaweza kurudi moja kwa moja Troyeville, duara liwe dogo, Mungu hana kamba ya kupimia. Nilitaka sana kukubali. Lakini umeahidi kwa ajili ya pale, mama, si kwa ajili ya mashuka. Tulipofika ile njia panda ya kuingilia miguu ikagoma. Yaya alinishika mkono kama mtoto mdogo anavyovushwa barabara, tukaingia.

Unakumbuka nilikuwa nimepanga nyuma ya kanisa dogo. Liliungua mwaka ule ule, zimebaki kuta. Na mwenye ua wangu, yule bibi tuliyemwita Gogo, alikuwa amekaa palepale langoni, kwenye kiti kilekile. Ndipo alipokaa siku ile, akinywa chai yake, akiwaambia wanaume wenye marungu kwamba kwake hakuna mgeni, na mimi niko uvunguni kwake. Sikupata nafasi ya kumshukuru. Niliondolewa na gari la polisi kesho yake.

Alinitazama sana. "Usekhona?" akasema. Bado upo?

Nikasema nipo, Gogo. Nikamweleza habari ya nadhiri yako. Hakucheka. Aliinuka na fimbo yake, tukaenda pamoja kwenye ule ukuta, nikaweka lile tofali la dobi. Kisha kabla sijainama, yeye akainama. Alichagua kijiwe, akakifuta kwa aproni, akakishika kwa muda mrefu, ndipo akanipa. "Mpe mama yako," akasema.

Desturi inataka jiwe la mwisho lirudi kwenye ukuta wa kwanza. Tulifika Troyeville jua linazama, Yaya akasema haya, weka, tukalale. Mkono wangu ukakataa. Nadhiri haikuzaliwa Troyeville. Kwa hiyo baba Amani, mfanyabiashara wa vitenge anayekuletea barua hii, anacho kijiwe hicho mfukoni mwake.

Nisalimie Neema, mdogo wangu msema kweli. Nisalimie kaka mkubwa na mke wake, mjomba fundi wa mitumbwi, na bibi mzaa baba. Padri wa parokia umwulize habari ya mashuka, lakini taratibu.

Goti lisikusumbue, mama, usiende gofuni. Kishike tu mkononi. Wa mwisho kukishika vile ni yule aliyenificha. Kisha zima taa, ulale. Nilifika.

Mwanao,
Riziki